Kuvua besi mwishoni mwa vuli na washkaji: maswali yanayorudi kila mwaka

Kila majani yakianza kupukutika simu yangu haipumui. Huyu anauliza avae nini, yule kakaa ziwani siku nzima hajaguswa hata mara moja na anataka kujua kakosea wapi, mwingine anauliza tu kama samaki bado wanakula kwenye baridi kama ile. Nimeyakusanya yote hapa, someni kwanza alafu ndo mpige simu. Na kabla hatujaanza, vuli ninayosema sio zile mvua za vuli, ni yale majira ya majani kudondoka, wiki za mwisho kabla ziwa halijaanza kuganda, maji yako kwenye nyuzi 12 hivi za Selsiasi na kila asubuhi yanazidi kushuka.

Besi ndo samaki gani huyo?

Sio besi ya spika, ingawa akikugonga vizuri unaisikia kifuani vilevile. Ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, asili yake Amerika Kaskazini, ila watu wamemsambaza sana, Japani yupo, Afrika Kusini yupo, hata Ziwa Naivasha kule Kenya yupo. Tunaowafuata sisi ni wa aina mbili. Kuna mdomo-mkubwa, wa kijani, ana mstari mweusi umelala ubavuni, na akifunga mdomo taya lake linapita nyuma ya jicho. Alafu kuna mdomo-mdogo, rangi ya shaba iliyochakaa, mistari yake imesimama, taya haliruki jicho. Msione ni mambo ya kujionyesha, manake baridi ikiingia hawa wawili wanaachana kabisa, mdomo-mkubwa anashikilia majani yanayoota majini na miti iliyozama, mdomo-mdogo anashuka kwenye mawe na kina, sasa usipojua unamtafuta yupi unazunguka ziwa bure. Rekodi ya dunia ya mdomo-mkubwa ni kilo 10 na kidogo, alivuliwa Georgia, Marekani, mwaka 1932, akaja kufikiwa na mwingine wa Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Sisi tukipata wa kilo 2 tunapiga kelele mpaka ng'ambo wanasikia.

Kwanini tujitese na baridi wakati kipindi cha joto samaki ni wengi?

Kipindi cha joto wanaogusa chambo ni wengi, hilo sibishani, ila nusu yao ni vidogo na ziwa limejaa boti za kila aina. Mwisho wa vuli unapata miguso michache, lakini ni mizito. Samaki ni mnyama wa damu baridi, joto la mwili wake ni joto la maji, kwahiyo maji yakipoa kila kitu ndani yake kinapungua kasi. Kabla hajafika huko anakula kwa bidii ajiwekee akiba, na wanene ndo wanaoendelea kula muda mrefu. Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii ni kwamba wanakusanyika. Julai, kwenye joto, besi mmoja yuko hapa, mwingine mita mia mbili kule. Novemba unaweza ukapiga robo tatu ya ziwa hamna kitu, alafu sehemu moja yenye ukubwa wa chumba wamelala 20. Ndo maana nasema huu ni msimu wa kwenda kundi, wala sio kwa ajili ya stori tu, kundi linatafuta haraka kuliko mtu mmoja.

Wazoefu wanasema "maji yamepinduka", wanamaanisha nini?

Hili naulizwa kuliko yote na ni kweli linafaa kueleweka vizuri. Ziwa lenye kina, kipindi cha joto, linajigawa matabaka. Maji ya vuguvugu yanakaa juu, ya baridi na mazito yanakaa chini, na katikati kuna tabaka jembamba ambapo joto linadondoka ghafla. Maji ya chini yanakaa miezi hayajaonana na hewa, oksijeni inaliwa inaisha, samaki hawakai huko. Sasa vuli ikifika maji ya juu yanaanza kupoa, yakipoa yanakuwa mazito, yanazama, upepo nao unakoroga, inaendelea hivyo usiku baada ya usiku mpaka tofauti ya juu na chini inakwisha na ziwa zima linachanganyika. Hapo ndo yamepinduka.

Utaijua tu. Maji yaliyokuwa meupe yanakuwa ya kahawia, vipande vya majani yaliyooza vinaelea kila mahali, na siku zingine kuna harufu ya yai viza ikitoka chini. Siku hizo samaki wanakuwa kama watu waliohamishiwa nyumba usiku, hawajui kitanda kiko wapi. Inaweza kuchukua siku chache, inaweza kufika hata wiki mbili, inategemea ukubwa wa ziwa na upepo. Mkikuta hali hiyo msilazimishe kina kirefu, nendeni kwenye kina kifupi au pale mto unapoingia, au kama kuna ziwa lingine karibu hamieni huko, maziwa hayapinduki siku moja yote.

Baada ya hapo mambo yanakuwa mazuri ila magumu kwa namna nyingine. Mazuri kwasababu oksijeni sasa iko mpaka chini, na maji ya baridi yanabeba oksijeni nyingi zaidi, yakiwa na nyuzi 5 yanaweza kushika karibu miligramu 13 kwa lita wakati ya nyuzi 25 yanaishia kama 8. Magumu kwasababu samaki sasa anaweza kuwa mita 2 au mita 12, hamna tena tabaka la kumzuia. Na jambo moja la kushangaza, maji yanakuwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4, yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi tena yanapanda juu, ndo maana barafu inaanzia juu na chini kunabaki na nyuzi 4 na samaki wanaishi. Ingekuwa kinyume chake tusingekuwa na cha kuvua.

Tuanzie wapi, ziwa lenyewe kubwa?

Anzeni pale ambapo kina kifupi na kina kirefu vinakaa jirani. Samaki wa baridi hataki safari ndefu, anataka apande hatua mbili akale, ashuke hatua mbili apumzike. Kwahiyo rasi inayoingia ziwani alafu inatumbukia ghafla, ukuta wa mawe, bonde la zamani la mto lililopita karibu na ufuko, hayo ndo ya kuangalia kwanza kwenye ramani ya kina. Tambarare ndefu yenye tope achaneni nayo.

Kwa mdomo-mkubwa tafuteni majani ambayo bado ni ya kijani. Hii ni muhimu jamani. Majani yaliyokufa yanaoza na kuoza kunakula oksijeni, samaki wadogo wanayakimbia na besi anawafuata. Kwenye bwawa la majani ya kahawia ukikuta kipande cha kijani hata cha ukubwa wa meza, hapo mtupe chambo mpaka mchoke. Ukivuta chambo kikarudi na jani, liangalie rangi kabla hujalitupa, usilitukane tu.

Kwa mdomo-mdogo ni mawe, changarawe, na vilima vilivyo chini ya maji, mita 6 mpaka 12, wakati mwingine zaidi. Hapa sona inasaidia sana, ile skrini ya boti inayoonyesha chini. Msitafute besi wenyewe, tafuteni wingu la visamaki vidogo, ukiona wingu na chini yake kuna vijistari vinene basi karamu iko hapo.

Sisi tunafanya hivi: boti zikiwa mbili tunagawana pande za ziwa, kila mtu dakika 20 sehemu moja kisha anahama, wa kwanza kupata anapiga simu. Na anayepiga simu aseme ukweli wote, kina gani, mawe au majani, chambo kilikuwa kinatembea au kimesimama. Tuna jamaa mmoja alikuwa anasema tu "njooni huku wapo", tunafika tunavua mita 3 wakati yeye anavua mita 9 anacheka. Mwaka uliofuata hakualikwa.

Muda gani mzuri, bado ni alfajiri?

Hapana, laleni. Alfajiri ya vuli ndo wakati mbaya kuliko yote, maji yamepoa usiku kucha na vidole vyako pia. Kati ya saa tano asubuhi na saa tisa mchana ndo nguvu ilipo, hasa ufuko unaopigwa na jua na wenye mawe, mawe yanashika joto. Nyuzi moja tu ya kupanda inatosha kumwamsha mtu. Jua likianza kulala saa kumi kuna dirisha lingine fupi, alafu giza linaingia haraka kuliko mnavyodhani, kwahiyo kuweni njiani kurudi wakati bado mnaona.

Chambo gani tubebe? Nina boksi zima sijui nianze na lipi.

Boksi liache nyumbani. Nikiambiwa nichague vinne tu nachagua hivi.

Kwanza jigi, ile ndoana yenye kichwa cha risasi na sketi ya nyuzi za mpira, gramu 10 mpaka 14, nyuma yake unachomeka mkia wa plastiki unaofanana na kamba wa ziwani. Inashuka chini, unaiburuta taratibu, inafanya kazi kwenye miti, mawe na ukingo wa majani. Kama ningeruhusiwa kitu kimoja ni hiki.

Pili kisamaki bandia cha kusimama katikati ya maji. Hiki ni kirefu chembamba, kama sentimita 11, ukikivuta kinaruka ukikiacha kinatulia palepale hakipandi wala hakishuki. Siri yote iko kwenye kukiacha. Kuna vingine vinaandikwa vinasimama alafu kwenye maji ya nyuzi 7 vinapanda juu polepole, manake maji ya baridi ni mazito zaidi, hicho ukifunge waya kidogo wa risasi kwenye ndoana ya mbele mpaka kitulie.

Tatu kile kipande cha chuma bapa, kizito, hakina uzuri wowote ukikiangalia. Unakishusha mpaka chini kwenye kundi, unainua ncha ya fimbo kama sentimita 30 mpaka usikie kinatetemeka, unakishusha huku mshipi ukiwa umekaza kidogo. Anagusa kikiwa kinashuka, mara tisa kati ya kumi. Kwa mdomo-mdogo wa kina hiki ni kiboko.

Nne kijiti kifupi cha plastiki kwenye kichwa kidogo cha gramu 3 au 5, au kisamaki laini kilichofungwa juu ya chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, yani chubwi inakaa chini na chambo kinaelea juu yake kidogo. Hivi ni vya siku ambazo wamegoma. Sio vya kusisimua, ila vinaokoa siku.

Rangi msigombane. Maji meupe tumia rangi za asili, maji ya matope tumia kitu cheusi au cha kung'aa. Basi.

Mnasema "vuta polepole", polepole kiasi gani?

Polepole mpaka uone aibu. Nikisema hivi watu wanaitikia kwa kichwa alafu naangalia mkono wao unazungusha rili, kile kigurudumu cha kukunja mshipi, kama wanateka maji kisimani. Hesabu kimoyomoyo: kisamaki kile cha kusimama, ukikivuta mara mbili kiache uhesabu mpaka 10, maji yakiwa chini ya nyuzi 7 hesabu mpaka 20, na ukihisi unachoka kuhesabu hapo ndo unakaribia kasi yenyewe. Sio uvivu wa samaki tu, ni kwamba chakula kinakaa tumboni mwake muda mrefu kwenye baridi, mmeng'enyo umepungua, hana haja ya kukimbiza kitu. Ila kitu kilichosimama mbele ya pua yake mpaka kinamkera, hicho anakinyonya.

Samaki wangu mkubwa kuliko wote wa msimu huu sikumvua mimi, nasema kwa uchungu. Mshkaji mshipi wake ulikuwa umejifunga mafundo kwenye rili, kaiweka fimbo chini anayafungua, jigi yake imelala kwenye matope dakika nne au tano. Akamaliza, akainua fimbo, fimbo ikakataa kuinuka. Anasema alidhani ni gogo. Gogo likaanza kuondoka.

Kuna siku chache ambazo sheria hii inavunjika, maji yakiwa bado nyuzi 11 au 12, kumepiga jua siku tatu mfululizo na kuna upepo wa kiasi, wanaweza kufukuza kitu cha haraka. Jaribuni nusu saa, msipoguswa rudini kwenye kuhesabu.

Fimbo na mshipi je?

Fimbo ya kawaida ya wastani inatosha ila ncha iwe na hisia, kwasababu mguso wa baridi sio ule wa kukupokonya fimbo. Ni kama mshipi umekuwa mzito kidogo, au umekuwa mwepesi ghafla, au umesogea pembeni wakati hujaugusa. Ukiwa na shaka kaza, yani inua fimbo ndoana imshike, kukaza ni bure. Mimi natumia ule mshipi wa fluorokaboni wa kubeba kilo 4 mpaka 5, unazama na hauonekani sana. Mshipi wa kusuka una hisia nzuri lakini unanyonya maji na maji hayo yanageuka barafu, ukiutumia unganisha mita mbili za fluorokaboni mwishoni. Na fundo ulilowanishe kwa mate kabla hujalikaza, vidole vilivyoganda vinafunga mafundo ya ajabu sana.

Vipete vya fimbo, zile pete mshipi unapopita, vinaziba barafu kila nikivuta, nifanyeje?

Chovya fimbo majini sekunde kadhaa, barafu inayeyuka, maji yana joto kuliko hewa siku hizo. Usiipige kwenye boti wala usiichokonoe kwa kisu, kipete kikipata ufa kitakukata mshipi siku ya samaki mkubwa. Kupaka mafuta ya midomo kwenye vipete kabla ya kuondoka inasaidia kidogo, kwa saa moja hivi alafu unapaka tena.

Hali ya hewa inabadilisha sana?

Sana. Baridi mpya ikiingia, kabla haijafika kuna mawingu, upepo, hali nzito nzito, hapo wanakula kweli, nendeni. Ikishapita mnaamka anga la bluu halina wingu hata moja, hewa inakata masikio, picha nzuri sana na samaki hakuna, wamejibana kwenye majani na mawe hawatoki. Siku hiyo punguzeni ukubwa wa chambo na mtegemee miguso miwili mitatu. Upepo wa kiasi ni rafiki, unasukuma vijidudu na visamaki upande mmoja na besi wanafuata, kwahiyo pigeni ufuko unaopokea upepo. Lakini wa kiasi. Mkiona mawimbi yanavunjika meupe katikati ya ziwa msitoke, besi hana thamani hiyo.

Tuvae nini?

Tabaka, tabaka, tabaka. Ya ndani kabisa iwe ya sufu au ya kitambaa cha michezo kinachotoa jasho, pamba hapana, pamba ikilowa inakaa na maji na inakunyonya joto. Katikati sweta nene, juu koti na suruali visivyopitisha upepo na maji. Boshori ya kufunika masikio. Soksi za sufu jozi mbili zinakuwa mbaya kama gambuti linabana, miguu ikibanwa damu haipiti na miguu inaganda zaidi, bora jozi moja na nafasi. Glavu bebeni pea tatu kila mtu, moja italowa, moja itaanguka majini, ya tatu ndo utarudi nayo. Nguo kamili ya akiba kwenye mfuko usioingiza maji, na isikae kwenye gari, ikae kwenye boti.

Juu ya vyote jaketi okozi, limefungwa, sio limekaliwa.

Kweli lazima jaketi okozi? Mimi naogelea vizuri.

Nakuelewa, na mimi nilikuwa nasema hivyo. Kinachoua kwenye maji ya nyuzi 6 mara nyingi sio kutojua kuogelea. Ukitumbukia, mwili unashtuka, unavuta pumzi kubwa bila kupenda na unaendelea kuhema haraka kama dakika nzima, pumzi ile ya kwanza ikikukuta kichwa kiko chini ya maji umekunywa ziwa. Kuna kanuni aliyoieneza Gordon Giesbrecht, profesa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, inaitwa 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakusikiliza, na saa 1 hivi kabla hujapoteza fahamu kwa baridi. Ukiangalia vizuri utaona saa nzima ile ni ya mtu anayeelea, baada ya dakika 10 mikono haishiki kitu, muogeleaji bingwa na asiyejua kuogelea wanakuwa sawa. Jaketi ndo linalokupa hiyo saa.

Kwahiyo ukidondoka: usianze kuogelea kwa fujo, elea, shika boti, hema mpaka pumzi itulie. Alafu tumia zile dakika 10 kutoka majini, piga mateke ulale kifudifudi juu ya boti, ikiwa imepinduka panda juu yake hivyohivyo, chochote kinachokutoa kwenye maji, manake maji yanaiba joto kama mara 25 ya hewa. Mkishindwa kutoka kunjeni magoti kifuani, mkiwa wawili watatu kumbatianeni vifua vigusane. Ndo siku mtajua nani rafiki.

Aliyetolewa avuliwe nguo mbichi, akaushwe, avishwe kavu, apashwe moto kifua na shingo kwanza. Msimsugue mikono na miguu na msimtembeze. Kama anaongea vizuri na anameza, kinywaji cha moto chenye sukari. Kama amechanganyikiwa, au alikuwa anatetemeka akaacha kutetemeka wakati bado wa baridi, hiyo ni hatari kubwa, pigeni simu ya dharura hapohapo.

Na sio lazima boti ipinduke. Jamaa yetu aliteleza pale pa kushushia boti, maji ya magotini, akakaa chini kama kwenye beseni. Sekunde 15 hazikufika. Alipotoka vidole vyake havikuweza kufunga zipu, tukamfungia sisi kama mtoto wa chekechea.

Kidogo cha kuchangamsha damu je?

Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto wakati joto linatoka. Wekeni ya jioni, mkiwa nchi kavu.

Tuwe wangapi kwenye boti moja na tukae vipi?

Kwa boti ya mita 5 watatu ndo mwisho, hata kama karatasi inasema watano, manake nguo zile zinamfanya kila mtu awe mtu na nusu. Mmoja omo, yani mbele, mmoja tezi, yani nyuma, wa katikati anatupa kwa zamu na kabla ya kutupa anaangalia nyuma. Ndoana za pande tatu na masikio ya watu havielewani, vaeni miwani hata kama hakuna jua. Mtu asisimame kujisaidia ukingoni, kopo lipo, litumieni, hakuna anayewaangalia. Nanga ifungwe omo, msiifunge tezi hata mara moja, mawimbi yakija kwa nyuma yanaingia moja kwa moja na boti inajaa. Kile kikamba cha kuzima injini dereva ajifunge.

Alafu mwachieni nahodha neno la mwisho. Akisema tunarudi tunarudi, hata kama wewe ndo umeanza kupata.

Tukimpata tumshike vipi, tumuachie au?

Sheria za kila ziwa ni zake, kuna maziwa msimu wa besi unafungwa mapema na kuna idadi na vipimo, kwahiyo leseni na kanuni mzisome kabla ya kutoka. Zikiruhusu mimi bado naachia wakubwa, kwenye maziwa ya baridi besi wa sentimita 50 anaweza kuwa na zaidi ya miaka 10, kununua mwingine kama huyo dukani haiwezekani.

Lowanisha mikono, shika taya la chini, hana meno ya kukukata, ila mkubwa msaidie kwa mkono wa pili chini ya tumbo msimning'inize. Hewa ikiwa chini ya sifuri macho na matamvua yanaganda haraka, kwahiyo kamera iwe tayari kabla hajatoka majini, picha moja, arudi. Plaizi ya kutolea ndoana iwe mfukoni sio chini ya mizigo yote.

Kitu ambacho wengi hawajui ni habari ya kina. Besi ana kifuko cha hewa tumboni na hawezi kuitoa hewa hiyo haraka, ukimtoa mita 10 au zaidi hewa inapanuka, utamuona tumbo limefura, anaelea ubavu hawezi kuzama. Mkiwapata huko msiwarundike kwenye tangi la boti mpaka jioni mpige picha ya pamoja, kila mmoja arudi palepale, haraka, kichwa kwanza. Akishindwa kuzama kuna vifaa vya kumshusha na uzito mpaka chini, muwe nacho kimoja. Na mkiona kila samaki anatoka hivyo hameni, watafuteni wa kina kifupi zaidi.

Betri zinakufa mapema, zimeharibika?

Si lazima, baridi inapunguza nguvu ya betri yoyote. Zije zimejaa, simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na pawabenki nayo vilevile.

Tukikaa siku nzima bila kitu?

Itatokea. Kwa msimu huu miguso mitano kwa watu watatu ni siku nzuri, mmoja akiwa mzito ni siku ya kusimuliwa. Msibadilishe chambo kila dakika tano, badilisheni sehemu. Nikiona mtu anafungua boksi mara ya saba najua ameshaacha kuvua, anacheza.

Tutajuaje sasa basi, msimu umeisha?

Asubuhi mtakuta kiwambo cha barafu kwenye vighuba, chembamba kama kioo. Msikivunje kwa boti mkidhani ni kitu kidogo, kinakwaruza na kinaweza kukata ubavu wa plastiki, na wala msifikirie kukikanyaga. Maji yanayochuruzika toka kwenye trela nayo yanaganda palepale kwenye mteremko, mwageni mchanga kabla ya kupandisha boti, na mtu asisimame nyuma yake. Mkishaitoa isimamisheni injini wima mpaka maji yote yaishe ndani, yakiganda humo yanapasua. Betri peleka ndani. Kopo lile lioshwe, mwaka jana lilisahauliwa chini ya kiti mpaka masika.